Mwamba wa Edomu

Juma hili tumekifungua kitabu cha nabii Obadia, kilicho kifupi kuliko vyote katika Agano la Kale. Sura yake ni moja tu, na mtu aweza kuimaliza kabla chai yake haijapoa. Nabii anasema na Edomu, taifa la wazao wa Esau, naye anawakemea kwa kujivuna: wamejenga mahali pa juu, katika nyufa za miamba, wakajiona kuwa hakuna adui atakayewafikia.

Kwa kawaida sisi tuhubirio hupita hapo mbio mbio ili tufike kwenye kiburi. Leo twataka kusimama kidogo penye mwamba wenyewe. Ni mwamba wa namna gani uliowapa watu hao moyo mkuu hivyo? Ulitoka wapi, na una umri gani? Tena, je, ulikuwa na nguvu walizodhani unazo?

Chukua ramani iliyo nyuma ya Biblia yako. Tafuta Bahari ya Chumvi, kisha uteremke kusini kwa kidole chako, ukifuata bonde kavu liitwalo Araba, mpaka ufike kwenye ghuba ya Akaba, jirani na Elathi na Esion-geberi. Upande wa mashariki wa bonde hilo pana ukuta wa milima. Hiyo ndiyo nchi ya Seiri, yaani Edomu. Siku hizi ni kusini ya nchi ya Yordani. Huko kuna jangwa la Wadi Rum, ambako majabali mekundu yamesimama peke yake juu ya mchanga kama meli zilizokwama, na kilele kimoja karibu na mpaka wa Saudia, Jabal Umm ad Dami, kina meta 1,854. Kaskazini yake kuna Petra, mji uliochongwa ndani ya mwamba. Jina Petra ni la Kiyunani na maana yake ni mwamba. Na Sela, ngome ya Edomu ambayo mfalme Amazia aliitwaa katika 2 Wafalme 14, maana yake ni hiyo hiyo kwa Kiebrania. Wako wasemao Sela ndiyo Petra yenyewe. Wengine huitafuta kaskazini zaidi, karibu na Busayra, ambayo ndiyo Bosra ya manabii. Hilo tuwaachie wachimbaji wa magofu. Popote palipokuwa, mwamba ni wa jamii moja.

Sasa vunja kipande cha mwamba huo ukisugue kati ya vidole. Kitakachobaki mkononi ni mchanga, wala si kitu kingine. Wasikilizaji wetu wa Pwani wanaujua mwamba wa namna hii, kwa maana mawe ya Mazeras yanayotandazwa mbele ya nyumba nyingi katika Kenya ni jiwe la mchanga pia, ingawa umri wake ni mdogo zaidi. Mchanga wa zamani ulirundikana, ukalemewa na mchanga mwingine juu yake, maji yakapenya katikati ya punje yakiacha chuma na madini mengine yaliyozishika kama saruji. Basi ngome ya Edomu ilikuwa mchanga ulioshikamana, na hata leo katika Petra ukipitisha kiganja ukutani waweza kuondoka na vumbi jekundu.

Tuanze chini kabisa. Katika Wadi Rum, mahali pengi miguuni pa majabali, mtu huona jiwe jingine lililo gumu na jeusi-jeusi lenye punje zing'aazo, nalo ni granaiti. Jiwe hilo lilikuwa uji wa moto uliopoa ndani sana ya ardhi, na umri wake ni kama miaka milioni 600. Wakati huo Arabuni na Afrika vilikuwa nchi moja, na Bahari ya Shamu haikuwapo. Vipande vikubwa vya dunia vilikuwa vikigongana, vikainua safu ya milima iliyoanzia kule Arabuni ikashuka kupitia upande wetu wa Afrika Mashariki mpaka Msumbiji. Milima hiyo imekwisha kulika, imebaki mizizi yake tu. Mkamba wa Kitui au Machakos anayechonga mawe ya kujengea kutoka katika majabali ya kale ya kwao, na Mtaita anayelima kwenye ngazi za vilima vyake, wanakanyaga mizizi ya safu ile ile ambayo ncha yake ya kaskazini imelala chini ya Wadi Rum.

Milima hiyo ilipolika, ilikwenda wapi? Hapo ndipo habari ya mchanga inapoanza. Mvua iliisaga, mito ikaibeba, na sehemu kubwa ya unga wake ikaelekea kaskazini, ambako wakati huo kulikuwa na ukingo wa bara na bahari pana. Granaiti ya Wadi Rum yenyewe ilikuwa imekwatuliwa na kusawazishwa ikawa kama sakafu, na juu ya sakafu hiyo mito ikatandaza tabaka la kwanza la mchanga mnene wenye kokoto. Mpaka kati ya hayo mawili huonekana wazi, kama mstari kati ya msingi na ukuta wa nyumba. Mstari huo mkumbuke, kwa maana tutaurudia.

Kisha bahari ikapanda kutoka kaskazini. Haikukaa sana, lakini iliacha chokaa na udongo, na ndani yake mabaki ya wadudu wa baharini waitwao trilobiti, wenye magamba ya pingili pingili, ambao walikwisha kutoweka duniani zamani sana. Katika tabaka hilo, na katika mchanga ulio jirani nalo, kuna shaba. Ndiyo shaba iliyochimbwa huko Faynan, mahali ambapo wataalamu wengi wanapataja kuwa ndipo Punoni, kituo kimoja cha Waisraeli jangwani, kama kilivyoandikwa katika Hesabu 33. Katika orodha ya vituo, Punoni huja muda mfupi baada ya kifo cha Haruni mlimani Hori, yaani karibu na wakati ule wa habari ya nyoka wa shaba. Hatusemi kwamba Musa alipata shaba yake hapo, Maandiko hayasemi. Twasema tu kwamba njia yao ilipita katika nchi ambayo mawe yake yana shaba, na wenyeji walikuwa wakiyayeyusha tangu zamani.

Bahari ilipoondoka, mito ilirudi kwa nguvu. Hapa tukae kidogo, kwa sababu hili ndilo tabaka lililoifanya Petra kuwa Petra. Ni jekundu, lina unene wa mamia ya meta, nalo husimama wima kama ukuta wa kanisa kuu. Ukilitazama kwa karibu utaona mistari iliyolala mshazari, safu juu ya safu. Kila mshazari ni mgongo wa fungu la mchanga lililosukumwa na maji, kama mafungu unayoyaona katika mto wa mchanga wa Ukambani mvua inapokwisha. Wataalamu wameipima mistari hiyo, wakaona kwamba kwa jumla maji yalikwenda upande wa kaskazini. Nayo haikuwa mito yenye kingo kama Tana au Athi. Siku zile nchi kavu haikuwa na mti wala jani la nyasi. Hapakuwa na mzizi wa kushika ukingo, kwa hiyo maji yalitambaa popote, mkondo huu ukiuingia ule, juu ya uwanda wa mchanga usio na mwisho. Jaribu kuifikiri nchi hiyo: mvua na mito, na hakuna ndege, hakuna chura, hakuna kivuli isipokuwa cha mawingu.

Juu ya tabaka jekundu kuna jingine jeupe ambalo halisimami wima bali hulika likawa la mviringo, kama mikate iliyoumuka. Ukifika mlangoni mwa Petra, yale mawe makubwa yaliyochongwa kama sanduku ni ya tabaka hilo. Baadaye bahari ilirudi tena polepole, ikaacha nyayo za wanyama wake katika tope.

Tunajua wako wasikilizaji ambao tangu tulipotaja miaka milioni 600 wametega sikio kwa mashaka, na wazee wengine labda wamenyosha mkono wazime redio. Twawaomba wangoje kidogo. Barua zinatufikia kutoka kwa vijana wanaosema: shuleni tunafundishwa hesabu hii, kanisani tunaambiwa ni uongo, basi tuache kipi? Wengine wameacha kanisa. Jambo hili si la mchezo, nasi tukilikwepa tutakuwa tumewaacha peke yao.

Hesabu hiyo inapatikanaje? Ndani ya granaiti, na ndani ya mchanga uliotoka katika granaiti, kuna punje ndogo ngumu ziitwazo zirkoni. Punje hiyo inapoumbika katika moto huingiza urani kidogo, wala haipendi kuingiza risasi. Urani hugeuka kuwa risasi polepole, kwa mwendo usioharakishwa na joto wala baridi ya mwamba. Tena ziko aina mbili za urani, na kila moja ina mwendo wake: nusu ya ile ya kwanza hugeuka kwa miaka milioni 704, na nusu ya ile ya pili kwa miaka kama milioni 4,470. Ni kama saa mbili katika mfuko mmoja, zilizotengenezwa na mafundi wawili. Zikikubaliana, mtu ana haki ya kuamini wakati zinaousema. Katika punje nyingi za Wadi Rum zinakubaliana.

Na ile tarehe ambayo wengi wetu tulilelewa nayo, ya kwamba dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo? Hiyo si sura wala aya. Ni hesabu ya Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland, mtu msomi sana na mcha Mungu, iliyochapwa mwaka 1650. Baadaye wachapaji waliiweka pembeni mwa kurasa za Biblia za Kiingereza, na kwa kuwa ilikuwa pembeni mwa Maandiko watu wakaidhani kuwa Maandiko. Sisi twamheshimu Ussher kwa bidii yake. Walakini hatuoni kwamba imani ya kijana yeyote yapasa kufungwa kwenye hesabu ya pembeni. Zaburi ya 90, iliyo na jina la Musa juu yake, inaweka miaka elfu ya wanadamu kuwa kitu kifupi mno mbele za Mungu. Mtu aliyeizunguka nchi ya Seiri kwa miguu siku nyingi hakuona taabu kusema hivyo.

Zirkoni zimeleta na habari nyingine ambayo sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kuisikia bila kutabasamu. Nyingi katika mchanga mwekundu zina umri wa ile milima tuliyoitaja, miaka milioni 550 mpaka 650. Lakini nyingine, hasa katika tabaka la juu, zina umri wa kama miaka milioni 1,000. Zilitoka wapi? Wataalamu waliochapisha habari zake mwaka 2003 na 2006 walitazama huku na huku, wakaona kwamba miamba inayojulikana ya umri huo iko Burundi na Rwanda, zaidi ya kilometa 3,000 kusini. Kama punje zilisafiri umbali huo wote kwa mito na barafu, au ziliokotwa mahali pa karibu zaidi pasipojulikana, bado wanajadiliana. Sisi si waamuzi wa jambo hilo. Lakini yawezekana kwamba katika ukuta wa Edomu, kati ya punje elfu, imo iliyotoka upande wa Maziwa Makuu.

Tumetaja barafu, na si kwa kupotoka. Kama miaka milioni 445 iliyopita, sehemu hiyo ya dunia ilikuwa kusini kabisa, na barafu kubwa iliifunika Sahara na kufika Arabuni. Katika kusini ya Yordani na kaskazini ya Saudia yako mabonde ya kale yaliyochimbwa na barafu hiyo katika mchanga, kisha yakajazwa tena. Leo jua la mahali hapo laweza kumuua mtu aliyepotea.

Halafu panakuja jambo ambalo kwetu ni la kushangaza kuliko yote. Katika nchi ya Petra, juu ya mchanga mweupe wa miaka kama milioni 480, limekalia moja kwa moja tabaka jingine la mchanga ambalo umri wake haufiki miaka milioni 150. Katikati hakuna kitu. Ni kana kwamba umefungua daftari la kanisa, ukasoma ubatizo wa mwaka 1910, ukageuza ukurasa ukakuta arusi ya mwaka 1980. Zaidi ya miaka milioni 300 imetoweka. Si kwamba haikuwapo. Huenda mawe ya wakati huo yaliwekwa kisha yakainuliwa na kukwanguliwa na mvua na upepo, yakachukuliwa mpaka mahali pengine. Mengine labda hayakuwekwa kamwe. Mwamba ule ulioonekana kwa Waedomi kuwa wa milele ulikuwa umekwisha kupoteza sehemu kubwa kuliko ile waliyoiona.

Juu ya hapo bahari ilipanda kwa mara ya mwisho, bahari ya joto, ikaacha chokaa nyeupe na mawe ya kiberiti. Ndiyo miinuko iliyo juu ya Petra upande wa mashariki, ambako watu hulima. Hatutakaa hapo.

Maana sasa lazima tueleze jinsi vitu hivi vyote vilivyolala chini ya bahari vilivyopata kusimama. Mwaka 1893 Mwingereza mmoja, J. W. Gregory, alipita Naivasha na Baringo, akaeleza kwa vipimo jinsi nchi ilivyopasuka, akaliita Bonde Kuu la Ufa. Aliona kwamba mpasuko huo ni wa jamii moja na ule wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Chumvi. Hakukosea kuwa wana undugu, ila ndugu hawa hawafanani tabia. Bonde letu la Ufa linafunguka kama mlango wa jozi, upande mmoja mashariki na mwingine magharibi. Araba inateleza. Nchi iliyo mashariki yake, pamoja na Arabuni yote, inakwenda kaskazini, na iliyo magharibi inaachwa nyuma.

Ushahidi ni wa kupendeza kwa urahisi wake. Katika miaka ya 1950 A. M. Quennell, mtaalamu ambaye pia aliandika juu ya mawe ya Tanganyika, alilinganisha kingo mbili za bonde hilo. Shaba ya Faynan na matabaka yake upande wa mashariki yana wenzake wanaofanana nayo upande wa magharibi, huko Timna. Lakini Timna iko kusini zaidi kwa kilometa kama 105. Ukirudisha upande wa mashariki nyuma kilometa hizo, tabaka hukutana na tabaka kama karatasi iliyopasuliwa. Safari hiyo imechukua miaka karibu milioni 20, yaani kama milimita 5 kila mwaka. Kucha zako hukua haraka kuliko hivyo.

Lakini nchi haiendi kwa utaratibu wa kucha. Hukwama, ikajikaza, kisha ikaruka. Tarehe 19 Mei mwaka 363 tetemeko la ardhi liliangusha sehemu kubwa ya Petra. Mwaka 1995, mwezi wa Novemba, ghuba ya Akaba ilitikiswa na tetemeko la nguvu ya 7.2. Na pale mwamba ulipopasuka bila kuanguka, maji yaliingia. Njia ya kuingilia Petra, iitwayo Siq, ni ufa wa namna hiyo: una urefu wa kilometa 1.2, mahali pengine meta chache tu kwa upana, na kuta zake zimelainishwa na mafuriko. Zile nyufa za miamba alizozitaja nabii zilikuwa makovu ya matetemeko.

Waedomi walitoweka katika milima hiyo, wengi wakahamia kusini mwa Yuda, na mahali pao wakakaa Wanabatea, Waarabu wenye misafara ya ngamia na ubani. Mfalme wao Areta wa Nne ndiye anayetajwa katika 2 Wakorintho 11, ambaye liwali wake alimtafuta Paulo katika Dameski, na Paulo akateremshwa ukutani katika kapu. Katika siku za wafalme kama hao ilichongwa Khazneh, ile nyumba maarufu ya mwamba yenye kimo karibu meta 40 inayoonekana mwishoni mwa Siq. Waliichonga katika tabaka jekundu, lile la mito isiyo na kingo. Chuma na manganizi vilivyosafirishwa na maji ndani ya mwamba vimepaka ukuta mistari ya zambarau, ya manjano, na myekundu kama nyama mbichi, na wageni huenda kupiga picha.

Sisi lakini twawasifu Wanabatea kwa jambo lingine. Petra hupata mvua isiyofika milimita 200 kwa mwaka. Nairobi hupata zaidi ya mara nne ya hiyo. Tena mvua hiyo huja kwa siku chache, kwa fujo. Wanabatea waliijua tabia ya jiwe lao. Mdomoni mwa Siq walijenga ukuta wa kuzuia maji, wakatoboa handaki la meta zaidi ya 80 ndani ya mwamba ili mafuriko yapite pembeni. Kando ya Siq walichonga mfereji upande mmoja, na upande mwingine wakapitisha mabomba ya udongo wa kuchoma yaliyoleta maji ya chemchemi mpaka mjini. Na kwa kuwa mchanga hunywa maji, mabirika yao waliyapaka lipu ndani. Waliutumia mwamba bila kuuamini kupita kiasi.

Warumi walitwaa ufalme huo mwaka 106, biashara ikahamia njia nyingine, tetemeko likaja, na kazi ya maji ikaachwa. Ndipo mwezi wa Aprili mwaka 1963 watalii zaidi ya 20, wengi wao Wafaransa, walipokuwa ndani ya Siq na mvua ikanyesha juu milimani. Hapakuwa na pa kukimbilia. Walikufa maji jangwani, katika mji ambao wenyeji wake wa kale walikuwa wamekwisha kuzuia jambo hilo hilo. Baadaye ukuta ulijengwa upya mahali pale pale pa Wanabatea.

Turudi sasa kwenye ule mstari kati ya granaiti na mchanga. Mvua inayoangukia majabali ya Wadi Rum huzama katika mchanga kama katika sifongo, hushuka mpaka igonge granaiti isiyopenyeka, kisha hutokea ubavuni mwa mlima. Ndiyo sababu chemchemi za Wadi Rum zimepangana juu ya mstari huo, na Mbedui anayetaka kunywesha mbuzi wake haulizi ramani. Hutazama rangi ya jiwe inapobadilika. Na pale tabaka zinapoinama upande wa mashariki na kuzama chini ya jangwa, maji yamezama nazo. Huko, karibu na kijiji cha Disi, chini kwa mamia ya meta, mchanga wa mito ya kale umejaa maji matamu.

Katika Hesabu 20 Musa alituma wajumbe kwa mfalme wa Edomu. Watu walikuwa Kadeshi, mahali pa ugomvi wa maji. Ombi lao lilikuwa la unyonge: wapite katika njia kuu ya mfalme, wasiguse mashamba, wasinywe visimani, nao wakinywa, wao na mifugo yao, watalipa. Mfalme alikataa, akatoka na jeshi. Twamwelewa kidogo. Katika nchi ile maji ndiyo nchi yenyewe, na umati wenye mifugo waweza kukausha kisima kwa siku moja. Lakini hata bei hakuitaja.

Swali lile la nani anywe halijaondoka milimani humo. Tangu mwezi wa Julai mwaka 2013 maji ya Disi yanavutwa kwa mashine na kupelekwa Amman, mji mkuu wa Yordani, katika bomba la kilometa 325. Kiasi chake kilipangwa kuwa meta za ujazo milioni 100 kila mwaka. Katika Amman nyumba nyingi hupata maji ya mfereji siku moja au mbili tu kwa juma, na kila paa lina tangi. Mama wa huko na mama wa mitaa mingi ya Nairobi wangeelewana bila mkalimani. Hakuna atakayemlaumu kwa kuyanywa. Shida ni hii: maji hayo si ya mvua ya mwaka jana. Wataalamu wameyapima, wakaona yaliingia katika mwamba kati ya miaka 10,000 na 30,000 iliyopita, siku ambazo jangwa hilo lilipata mvua zaidi. Kinachotolewa hakirudi. Tena mwaka 2009 ilitangazwa kwamba mwamba umeyatia radiamu kupita kipimo cha kunywa, ndiyo maana huchanganywa na maji mengine kabla ya kufika nyumbani.

Na mwamba haujui mpaka wa serikali. Tabaka hilo hilo linapita chini mpaka Saudia, ambako katika miaka ya 1980 na 1990 maji yake yalitumika kumwagilia ngano jangwani, mashamba ya mviringo yaliyoonekana hata kutoka angani. Kila upande ulijua kwamba mwenzake anavuta kutoka mtungi ule ule, na kwa miaka mingi kila mmoja alivuta. Mwaka 2015 nchi hizo mbili zilitia sahihi mkataba. Zilitenga eneo la hifadhi kandokando ya mpaka, kila upande kwake, ambamo uchimbaji wa maji uachwe, na zikaunda kamati ya pamoja ya kupima kina cha maji visimani.